Elimu endelevu kwa daktari wa mifugo aliye mbali na Kampala: ni vyanzo gani vya mtandaoni vinavyofaa?

Daktari wa Nakasongola

Ndugu madaktari wenzangu, nawasalimu nyote.

Mimi ni daktari binafsi wa mifugo katika wilaya ya Nakasongola. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa ng'ombe, wengine wana mbuzi, na katika vituo vya biashara huitwa mara kwa mara kutibu mbwa. Tangu nilipohitimu Makerere, sehemu kubwa ya elimu niliyoiongeza imetokana na warsha zinazofanyika Kampala na Entebbe, na kila aliyefanya kazi vijijini anajua kwamba warsha ya siku mbili mjini ina gharama ya nauli, ya malazi, na ya wagonjwa wanaobaki bila mtu wa kuwatazama. Kwa hiyo nimeamua kujisomea kwa njia ya mtandao usiku, baada ya kazi, kwa kutumia simu na kompyuta ndogo ya zamani.

Ugumu ulianza mara moja. Kozi nyingi zinazotangazwa huuzwa kwa dola, na ukizifungua unakuta zimeandaliwa kwa daktari wa paka na mbwa wa Ulaya au Marekani, mwenye mashine ya eksirei na maabara ya damu katika chumba cha pili. Zile za bure nazo ni nyingi mno, wala si rahisi kupambanua iliyoandikwa na mtu anayeijua kazi na iliyoandikwa na mwenye dawa ya kuuza. Tena data ni ghali: tangu Julai 2021 imewekewa ushuru wa asilimia 12, na video ya mhadhara mmoja inaweza kumaliza bando la siku nzima.

Nina pia swali la leseni. Leseni zetu huhuishwa kila mwaka na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda, na ningependa kujua kama cheti cha kozi ya mtandaoni kutoka nje ya nchi kina uzito wowote, au kama ni karatasi ya kutundika ukutani tu.

Ninaomba anayejibu aniambie kile alichokitumia mwenyewe, na kilimsaidia katika kazi gani.

Maabara ya Mbarara

Ndugu Daktari, ahsante kwa swali hili. Nitaanza na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote nitakayoyasema: usianze na orodha ya kozi. Anza na mgonjwa aliyekushinda wiki hii, kisha utafute maandishi yanayomhusu. Daktari anayefuata mpangilio wa kozi iliyoandaliwa kwa ajili ya nchi nyingine atamaliza sura nzima ya maradhi ya figo za paka kabla hajafika kwenye ndigana kali inayoua ndama wa jirani yake.

Tuchukue ugonjwa huo huo uwe mfano. Umeitwa kutazama ndama mwenye joto la nyuzi 41, tezi zimevimba chini ya sikio na mbele ya bega, naye anahema kwa shida. Wengi wetu humchoma buparvaquone, dawa ya ndigana, papo hapo na kuendelea na safari, na mara nyingi hatujakosea. Lakini ukitaka ndama huyo akufundishe kitu, usiku ule ule fungua kitabu cha tiba ya wanyama cha MSD, ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na sasa husomwa bure mtandaoni, usome sehemu ya theileria, kimelea kinacholeta ndigana. Baada ya hapo fungua mwongozo wa vipimo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, sura ya ugonjwa huo huo. Utaona kwamba unachopaswa kukitafuta kwenye hadubini ni skizonti, yaani kimelea kikiwa katika hatua ya kuzaliana, zilizo ndani ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), kwa kutumia majimaji yaliyovutwa kutoka kwenye tezi iliyovimba. Ukiona piroplazma, hatua ya baadaye ya kimelea hicho, peke yake ndani ya chembe nyekundu za damu, hujathibitisha kwamba ndizo zinazomwangusha ndama huyo leo, kwa sababu ng'ombe aliyepona anaweza kubaki nazo bila kuugua. Hapo ndipo unapoanza kujiuliza ni wagonjwa wangapi tuliowatibu kwa ndigana huku ugonjwa wenyewe ni anaplasma, unaoletwa pia na kupe, au yote mawili kwa pamoja. Hilo ni somo kamili, nalo ni kurasa chache za maandishi zinazofunguka hata penye mtandao dhaifu.

Kuhusu WOAH, nashauri kila mmoja wetu awe na anwani ya tovuti yao kwenye simu. Ni shirika lililoundwa mwaka 1924, ambalo wengi tulilisoma chuoni kwa jina la OIE, na kanuni zake pamoja na miongozo ya maabara ziko wazi kwa kila mtu bila malipo. Kwa ugonjwa wowote unaopaswa kutolewa taarifa serikalini, yaani kimeta, ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya Bonde la Ufa, sotoka ya mbuzi na kondoo, hapo ndipo pa kwanza pa kutazama. Utapata aina ya sampuli, namna ya kuihifadhi na kipimo kinachokubalika, na utaweza kuzungumza na watu wa maabara ya taifa kule Entebbe kwa lugha moja.

Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lina kozi za mtandaoni za bure, nyingine za kujisomea kwa muda wako na nyingine zenye mkufunzi anayejibu maswali kwa wiki kadhaa. Chini ya FAO iko pia tume ya Ulaya ya kudhibiti ugonjwa wa miguu na midomo, EuFMD, ambayo ipo tangu mwaka 1954. Usidanganywe na neno Ulaya. Kozi zao za kuchunguza mlipuko zinafundisha jinsi ya kukadiria umri wa kidonda cha ulimi, na kutokana na umri huo kurudi nyuma na kuhesabu ni lini virusi viliingia zizini na ni nani aliyepita hapo siku hizo. Kwa nchi ambayo karantini za ugonjwa huu zimefunga minada ya wilaya nyingi mara kwa mara, sijui ujuzi gani mwingine unaoweza kumfaa daktari wa ukanda wa ng'ombe kwa haraka kiasi hicho. Na ukifanya kazi serikalini, uliza kuhusu mafunzo ya epidemiolojia ya ISAVET ya FAO, ambayo majaribio yake ya kwanza yalifanyika hapa hapa Uganda mwaka 2018. Hayo hufanywa ana kwa ana na uwandani, lakini kozi za mtandaoni zinakuandaa vizuri kwa ajili yake.

Umeuliza jinsi ya kupambanua. Mimi hutazama jina la mwandishi na taasisi yake, mwaka wa kuandikwa, na anayelipia. Kisha hutazama jambo ambalo wengi hulipita: je, maandishi haya yanazungumzia kimelea changu? Utakuta makala zinazoeleza kwamba theileria imeanza kuwa sugu kwa buparvaquone. Zisome kwa makini. Zile zenye ushahidi wa maabara zinazojulikana zaidi zinahusu *Theileria annulata* ya Tunisia, Irani na nchi jirani zao, wakati sisi tunapambana na *Theileria parva*. Daktari akisoma kichwa cha habari tu, ataanza kuongeza dozi bila sababu, au atawaambia wafugaji kwamba dawa imekufa, hali tatizo lake lilikuwa kukadiria uzito wa ng'ombe kwa macho na kumpa dozi pungufu. Dozi iliyoandikwa ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya msuli, na hurudiwa baada ya saa 48 hadi 72 panapohitajika. Kanda ya kupimia mzunguko wa kifua, inayokuonyesha uzito wa ng'ombe, ni rahisi kuliko chupa ya pili.

Kwa upande wa kupe, kuna makala iliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Parasites & Vectors kuhusu kupe wa Uganda waliojenga usugu kwa aina zaidi ya moja ya dawa za kuogeshea. Iko wazi kwa wote. Isome mpaka mwisho, maana inahusu ng'ombe wetu wenyewe, na inaonyesha jinsi kipimo cha pakiti za lava kinavyofanyika, yaani kupe wachanga hufungwa ndani ya karatasi zilizotiwa dawa ili kuona wangapi wanakufa.

Afisa Mifugo Mstaafu, Soroti

Nimeyasoma maelezo ya Daktari wa Mbarara, nami nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo ningependa vijana wasikie na upande mwingine.

Kuna mambo ambayo mkono pekee ndio unaoyajua. Kupima mimba kwa kuingiza mkono, kugeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, kupasua mzoga na kutofautisha pafu lenye ugonjwa na pafu lililojaa damu baada ya kifo: haya nimewaona wahitimu wenye vyeti vingi vya mtandaoni wakiyashindwa, nao si wavivu wala si wajinga. Video inakuonyesha mkono wa mtu mwingine, haikuambii kwamba mimba ya miezi miwili inavyoteleza chini ya vidole haifanani na kibofu. Kwa hiyo namwomba ndugu wa Nakasongola, pamoja na kusoma usiku, atafute machinjio iliyo karibu naye, azungumze na mkaguzi wa nyama, na asubuhi moja moja asimame pale akitazama viungo vinavyotolewa. Vizazi vya ng'ombe waliochinjwa, vyenye mimba na visivyo na mimba, vinafundisha zaidi ya mhadhara wowote, wala havina ushuru wa data.

Jambo moja la usalama, ambalo naliona likisahauliwa hata katika video za watu wenye majina makubwa. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani au njia ya haja kubwa bila kuganda, hapasuliwi. Chukua tone la damu kutoka sikioni, ulipake kwenye kioo, ulipeleke maabara, na mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe. Kule Kyotera mwaka 2023 watu waliugua kimeta, na chanzo kilikuwa mifugo iliyougua na nyama yake kuliwa. Ukimwona mwalimu wa mtandaoni akipasua mzoga wa aina hiyo bila kuutaja kimeta hata kidogo, funga ukurasa wake.

Daktari wa Wanyama wa Nyumbani, Kampala

Shikamoo Mzee wa Soroti, na salaam kwako ndugu wa Nakasongola. Nitagusa upande wa mbwa, kwa sababu umewataja, na pia suala la vyeti.

Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, hutoa miongozo yake bila malipo: ya chanjo, ya lishe, ya kupunguza maumivu. Mwongozo wa chanjo ulihuishwa mwaka 2024. Nimekuwa nikiutumia kila siku, na faida yake kubwa kwangu ilikuwa kuelewa ni kwa nini watoto wa mbwa waliochanjwa bado walikuwa wanakufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha. Kinga anayoipata mtoto kutoka kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na kwa baadhi yao kinga hiyo hudumu kwa wiki nyingi kuliko tulivyozoea kudhani. Ndiyo maana chanjo ya mwisho katika mfululizo hutolewa mtoto akiwa na umri wa wiki 16 au zaidi. Ofisi nyingi bado humaliza mfululizo mapema, na mwenye mbwa huondoka na kadi iliyojaa mihuri huku mbwa wake hana kinga. Kurasa mbili za mwongozo ule zinatosha kulirekebisha jambo hilo.

Kuhusu kichaa cha mbwa, ambacho najua huko vijijini ndicho kinachowafanya watu wamtafute daktari wa mbwa, GARC, shirika la kimataifa la kupambana na ugonjwa huo, lina kozi za bure zenye cheti, mojawapo ikifundisha namna ya kuwashika na kuwachanja mbwa kwa wingi. WHO, WOAH, FAO na GARC wamejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na kipimo kinachotajwa daima ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kozi hiyo niliwapa hata wasaidizi wangu wasio madaktari, na tangu hapo wanamshika mbwa mkali bila kumkaba shingo.

Iko pia tovuti ya IVIS, yenye mihadhara ya mikutano ya madaktari wa nchi mbalimbali na vitabu kadhaa, nayo ni bure. VIN, ule mtandao wa madaktari wa Marekani ulioanzishwa mwaka 1991, una majadiliano mazuri sana baina ya mabingwa, lakini ni wa kulipia, na kwa kazi yako ya ng'ombe singekushauri uanze hapo. Vikundi vingi vya madaktari wa nje viko Facebook, ambayo hapa Uganda ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Usihangaike navyo. Vilivyo na manufaa ndani yake hupatikana pia kwingine.

Sasa cheti. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwandikie msajili wa Bodi barua pepe fupi yenye jina la kozi, mtoaji wake, idadi ya saa, na kama ina mtihani, uulize kama itahesabiwa. Jibu la maandishi lihifadhi. Nimewaona wenzetu wakilipia kozi za nje kwa mamia ya dola kwa sababu tangazo lilisema zimeidhinishwa, na zilikuwa zimeidhinishwa kweli, isipokuwa na bodi za huko kwao. Kwa upande wa pili, mikutano ya Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Uganda, hasa ile inayofanyika karibu na Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, usiiache kabisa. Gharama yake naielewa, lakini pale ndipo utakapomjua kwa sura mtu wa maabara ambaye siku ya mlipuko utampigia simu saa nne usiku naye ataipokea.

Daktari wa Nakasongola

Nawashukuru sana. Mzee wa Soroti, machinjio ipo karibu nami na mkaguzi wake tunafahamiana, kwa hiyo ushauri wako nitaufuata.

Nimeifungua makala ile ya kupe na nimeisoma yote. Imenisumbua, kwa sababu yanayoelezwa humo ndiyo ninayoyaona: wafugaji wanaobadilisha dawa kila baada ya wiki chache, wanaochanganya mbili kwenye pampu moja ya mgongoni, na wengine wanaotumia dawa za kunyunyizia nyanya. Hapo ndipo linapokuja swali langu la sasa. Katika vikundi vya WhatsApp ambamo nimo, baadhi ya madaktari wenyewe hutuma vipimo vya michanganyiko hiyo kwa ujumbe wa sauti, bila jina la dawa kamili wala matokeo, na ujumbe huo husambazwa hadi kwa wafugaji kabla ya jioni. Wenzangu mnashughulika vipi na jambo hili?

Pia, makala nyingine nilizozipata zimetajwa ndani ya ile ya kwanza, lakini nikizifungua naombwa kulipa dola 30 au 40 kwa makala moja. Je, ipo njia halali ya kuzisoma?

Ofisi ya Mifugo, Lira

Naomba nijibu swali la makala za kulipia, kwa kuwa nimelifanyia kazi.

Upo mpango unaoitwa Research4Life, unaoendeshwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wakubwa. Ndani yake imo Hinari ya WHO, iliyoanza mwaka 2002 kwa ajili ya afya, na AGORA ya FAO, iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya kilimo na mifugo. Uganda imo katika kundi la nchi zinazopewa huduma hiyo bila malipo. Tatizo ni kwamba mtu binafsi hasajiliwi. Inayosajiliwa ni taasisi, na ofisi za serikali ni miongoni mwa taasisi zinazostahili, sawa na vyuo, hospitali za kufundishia na mashirika ya kiraia ya hapa nchini. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba ofisi ya wilaya inaweza kuomba. Wengi wanadhani huduma hii ni ya Makerere tu, na kwa hiyo hakuna anayeandika barua. Wewe uliye binafsi zungumza na daktari wa mifugo wa wilaya yako, ajaze fomu kwa jina la ofisi, kisha muulizeni wenye mpango masharti ya madaktari mnaoshirikiana na ofisi hiyo. Nywila usiitume kwenye kikundi cha WhatsApp. Ikisambaa, akaunti ya ofisi nzima inaweza kufungwa.

Wakati unasubiri, tumia PubMed Central, ambako makala zote zilizomo zinasomeka bure, na hazina ya machapisho ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, yenye kazi nyingi kuhusu nguruwe, maziwa na magonjwa ya kupe wa Afrika Mashariki. Na pale makala inapokuwa na anwani ya barua pepe ya mwandishi, mwandikie umwombe nakala. Mwandishi akimtumia msomaji mmoja nakala yake kwa matumizi binafsi ni jambo la kawaida katika taaluma, na watafiti wengi hufurahi kusikia kutoka kwa daktari aliye uwandani.

Jambo dogo la data: pakua maandishi kwa mfumo wa PDF ukiwa mjini au mahali penye Wi-Fi, uyahifadhi kwa jina la ugonjwa na mwaka. Siku mtandao ulipozimwa nchi nzima Januari 2021, aliyekuwa na maktaba yake ndani ya simu aliendelea na kazi.

Maabara ya Mbarara

Nirudi kwenye suala la ujumbe wa sauti, kwa sababu linaumiza watu na mifugo.

Dawa ya mifugo nchini mwetu husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na maelekezo yaliyo kwenye lebo yake ndiyo yaliyopimwa. Mchanganyiko wa dawa ya kupe na dawa ya nyanya hakuna aliyeupima, si kwa ngozi ya ng'ombe, si kwa maziwa atakayokunywa mtoto siku hiyo hiyo, si kwa mtu mwenye pampu mgongoni bila glavu. Katika kikundi tunachokiendesha hapa Mbarara tuliweka sharti moja, na tumelisimamia hata pale lilipowaudhi wakubwa: anayetoa pendekezo la tiba aandike jina la dawa kama lilivyo kwenye lebo, dozi kwa kilo, siku za kusubiri kabla ya maziwa na nyama kutumiwa, na chanzo cha maelezo yake. Ujumbe wa sauti wa tiba hufutwa. Mwanzoni kikundi kilipungua watu, kisha waliobaki wakaanza kuleta wagonjwa wenye maelezo kamili, na sasa kila Alhamisi usiku mmoja wetu huleta mgonjwa wake halisi pamoja na makala moja inayomhusu, tukaijadili kwa saa moja. Hatutumi video. Maandishi na picha zinatosha, na bando la kawaida linamudu.

Ukianzisha kikundi kama hicho Nakasongola, nashauri mgonjwa wa kwanza awe wa tezi, kwa kuwa vifaa vyake ni vichache. Nyoa manyoya juu ya tezi ya mbele ya bega, usafishe kwa spiriti, uishike imara kati ya vidole viwili isiteleze, uingize sindano ya geji 20 na kuizungusha kidogo ndani. Kilichoingia kwenye sindano kipulize juu ya kioo kwa bomba tupu, ukitandaze kiwe chembamba, ukiache kikauke hewani, kisha ukikaze kwa methanoli kabla hujakitia rangi ya Giemsa. Kosa la kawaida ni kupaka kwa unene, hapo kila kitu huonekana bluu na hutatofautisha chochote. Kama hadubini iko ofisi ya wilaya, kioo kilichokazwa kinasafiri vizuri ndani ya karatasi kavu. Kikae mbali na vumbi na nzi. Tumia lenzi ya 100 pamoja na mafuta, na picha uipige kwa kuishikilia kamera ya simu juu ya jicho la hadubini.

Picha zikiwa wazi, zilete hapa pamoja na joto la ndama, siku aliyoanza kuugua, dawa aliyopewa kabla hujafika na kiasi chake. Nitazitazama pamoja na mwenzangu wa maabara, na tutakuandikia tunachokiona.